Wimbo wa Mtu Mmoja

Nguruwe wa jirani yetu pale kijijini Ruanda, Mbozi, alikuwa na tabia ya kuingia majikoni mwa watu, na siku moja aliingiza kichwa kwenye debe la machicha ya pombe. Kichwa kikaingia chote mpaka nyuma ya masikio, kisha kikagoma kutoka. Nilikuwa na umri wa kuchunga mbuzi, shule bado, na shule yenyewe nilikuja kuisoma miaka miwili tu, sitaki mtu aje kuniuliza nahau na vitenzi. Nguruwe akatoka mbio na debe lake. Akapita kwenye mibuni ya baba, akavunja matawi, akagonga ukuta wa jiko, akageuka, akarudi kugonga palepale. Humo ndani ya debe alikuwa analia, na kile kilio kilikuwa kinamrudia mwenyewe masikioni, basi kadiri alivyolia ndivyo alivyoogopa, na kadiri alivyoogopa ndivyo alivyokimbia.

Watu wakajaa. Kila mtu ana ushauri.

"Mshike mkia!"

"Mkia wa nini, mpige mguu!"

"Mguu ukivunjika utanilipa wewe? Ana mimba huyo!" Huyo ni mama mwenye nguruwe, mama mnene, analia na kucheka kwa pamoja.

Akatokea baba mdogo kutoka shambani na panga lake la kupunguzia matawi. Baba mdogo hakuwa mtu wa maneno. Akaliweka panga chini, akakaa kwenye udongo kama mtu aliyekuja kupumzika, akaanza kuimba kwa kufumba mdomo. Sauti ya chini kabisa, ile ambayo unaisikia kifuani kwako kabla ya kuisikia masikioni. Nguruwe akasimama. Anatetemeka lakini amesimama. Baba mdogo akamsogelea kwa makalio, polepole, bado anaimba, mpaka akalishika debe, akalizungusha kama anafungua chupa, likatoka na kipande kidogo cha sikio. Kisha akauliza kama chakula kimeiva.

Sijui kwa nini nimeanza na nguruwe. Nilitaka kuanza na baba mdogo, na yeye siwezi kumkumbuka bila nguruwe. Ndiye aliyenipeleka kwaya. Yeye alikuwa besi, na ndiye aliyenifundisha nota za herufi, do, re, mi, kwa kuziandika na mkaa kwenye ubao wa kukaushia kahawa. Mpaka leo nazisoma hizo kuliko ninavyosoma gazeti. Gazeti linanichosha, herufi zake hazina sauti.

Nimeimba kwenye kwaya zaidi ya miaka hamsini, sauti ya tatu. Nikwambie kitu ambacho wanakwaya hatusemi: kwenye kwaya mtu anaegemea. Umesahau maneno, mwenzako wa kulia anayo. Pumzi imekuishia, unafumba mdomo mapigo mawili, hakuna anayejua. Umefiwa, umegombana na mke, unasimama tu pale katikati, na sauti za watu zinakubeba kama gunia. Kuna siku nimeimba ibada nzima nikiwaza bei ya mbolea. Watu wakanisifu.

Basi mke wangu akatangulia mbele za haki, halafu mwaka uliofuata nikateleza kwenye matuta ya kahawa, mvua ilikuwa imenyesha, nikavunjika nyonga. Mwanangu anafanya kazi Tunduma ya kusafirisha mizigo mpakani. Akaja na gari, akafunga nyumba yangu ya Ruanda kwa kufuli mbili, akanipakia mimi na godoro. "Baba, utakaa kwangu mpaka upone." Nyonga ya mzee haiponi, anajua yeye, najua mimi, lakini hivyo ndivyo watu wanavyosema.

Nyumba yake ni nzuri. Ina ukuta mrefu wenye vipande vya chupa juu, na geti la chuma. Nje ya geti ni foleni ya malori ya kwenda Zambia. Lori likisimama mbele ya geti letu linaweza kukaa hapo siku tatu, na dereva anapika ugali chini ya tela. Ukitaka kuvuka barabara unapita kwenye uwazi kati ya lori na lori, na mtu wa fimbo hana haraka, na lori likisogea halimwangalii. Mwanangu akanikataza. Chumba changu kina dirisha moja linalotazama ule ukuta. Nikikaa kitandani naona matofali kumi na tisa kwa upana. Ya wima sikuyamaliza, yanapotelea juu.

Tena kuna habari ya mkwe wangu. Kwetu, zamani, baba mkwe na mke wa mwanawe hawakutani uso kwa uso. Si uadui, ni heshima. Akija njiani unapita porini, akikaa jikoni huingii. Nyumba za zamani zilikuwa mbali mbali, heshima ilikuwa na nafasi. Sasa weka heshima hiyo kwenye ua wa hatua kumi na mbili. Yeye ni binti wa watu wa huku huku Mbozi, kalelewa vizuri, anaijua desturi kuliko mwanangu. Akitaka kutoka jikoni anakohoa. Mimi nikisikia anakohoa narudi chumbani. Nikitaka kwenda chooni nagonga fimbo mara mbili, yeye anaingia jikoni. Chakula changu anakiweka kwenye stuli mlangoni, anakohoa, anaondoka. Mwanangu anarudi jioni, anacheka: "Nyie wawili mmekuwa kama polisi na magendo." Lakini mchana kutwa mwanangu hayupo, tuko sisi wawili, na tulikuwa tunafungiana milango kwa heshima. Mwaka mzima sikumwona uso. Nilimjua kwa kikohozi na kwa ndoo.

Sehemu moja tu niliruhusiwa: kanisani, maana kanisa liko upande wetu huu wa barabara, unafuata ukuta. Nikawa nakwenda, nakaa kwenye nguzo ya nyuma, naimba tenzi kutoka hapo. Kwaya yao sikujiunga, wanacheza sana, nyonga itasemaje.

Mpiga kinanda alikuwa mzee mmoja mwembamba, mwalimu mstaafu wa muziki, mtu wa Mbebe kule milimani Ileje. Alifundisha chuo cha ualimu miaka mingi, akastaafu, mke hana, watoto wako mbali. Kifua kilimsumbua. Vumbi la Tunduma na moshi wa malori vilikuwa vinamkausha, na daktari alishamwambia arudi milimani kwenye hewa safi. Hakurudi. Sababu nilikuja kuijua baadaye.

Jumapili moja baada ya ibada akanijia na kofia mkononi.

"Wewe mzee wa kwenye nguzo. Hebu imba ule mstari wa mwisho."

"Upi, mwalimu?"

"Wowote. Nataka sauti, sitaki mstari."

Nikaimba. Akafumba macho.

"Una miaka mingapi?"

"Sabini na kitu."

"Kitu gani?"

"Kitu kidogo."

Akacheka mpaka akakohoa, akakohoa mpaka akakaa. Alipopata pumzi akasema, "Njoo chumbani kwangu kesho. Usije na mtu."

Chumba chake kilikuwa nyuma ya kanisa, kidogo kuliko changu. Kitanda, meza, na kinanda chake mwenyewe cha kukanyaga kwa miguu, mifuko yake ya upepo imezibwa kwa viraka vya tyubu ya baiskeli. Mlango akaufunga kwa sababu ya vumbi, dirisha akalifunga kwa sababu ya kelele. Joto, nisikudanganye. Akatoa karatasi. Nota za herufi, mstari mmoja tu. Nikageuza nyuma kutafuta sauti ya pili, ya tatu, besi. Hakuna.

"Nyingine ziko wapi?"

"Hakuna nyingine. Ni wa mtu mmoja na kinanda."

Akanieleza. Zipo nyimbo za namna hiyo, za mtu mmoja kusimama na shairi na kinanda, wala si za kuchezwa, wala si za kuitikiwa, watu wanakaa kimya wanasikiliza mpaka mwisho. Alizisikia akiwa kijana chuoni, akatamani ziwepo za Kiswahili, zinazojua baridi ya huku kwetu. Akaandika. Huu aliuandika kwa ajili ya sauti yake mwenyewe, kabla ya kuukamilisha kifua kikamharibikia. Tangu hapo ameupeleka kwa kwaya hii na kwaya ile, na kila kwaya iliupokea kwa furaha, ikaongeza besi, ikaongeza kiitikio, ikaongeza mwendo wa kucheza.

"Wanaupenda mpaka wanaua," akasema. "Mimi nataka niusikie mara moja. Sauti moja, kinanda, na watu wamenyamaza. Mwanzo hadi mwisho. Nikishausikia naenda zangu Mbebe, daktari afurahi."

"Si nikuimbie hapa hapa?"

"Hapa tuko wawili. Wimbo unataka mtu wa tatu anayenyamaza."

Basi hiyo ndiyo sababu, na nikaibeba.

Wimbo wenyewe una beti nne fupi. Mtu amekutwa na mvua njiani, amejikinga kwenye baraza ya watu asiowajua. Ubeti wa pili, matone yanagonga bati, anayahesabu. Ubeti wa tatu anageukia mlango, anabisha hodi. Ubeti wa nne yuko palepale, mlango umefungwa, mvua haijakatika. Basi. Hakuna wokovu, hakuna jua. Nikamwuliza, "Mwalimu, mbona hafunguliwi?" Akasema, "Wewe umefunguliwa?" Nikawaza geti la mwanangu.

Nilidhani tutamaliza kwa wiki moja. Tulikwenda miezi sita.

Wiki mbili za kwanza hakuniruhusu kuimba. Nilisema maneno tu, kama mtu anayeongea na jirani. "Mvua imenikuta njiani." Anasema hapana, unatangaza. "Mvua imenikuta njiani." Hapana, unalalamika. Nilimwambia mwalimu, mvua nimeijua tangu nizaliwe, hakuna atakayenifundisha mvua. Akasema, "Basi mbona kwenye mdomo wako hainyeshi?" Nilikasirika nikaenda nyumbani. Nyumbani nikakuta ukuta. Kesho yake nikarudi.

Kisha mikono.

"Mikono," akasema.

"Imefanya nini?"

"Inaimba. Mimi sijaiandikia mikono."

Kwaya ilikuwa imenizoesha, mwili unatangulia, sauti inafuata. Akachukua skafu yangu akanifunga mikono nyuma, kwa upole lakini akafunga kweli. Mzee wa sabini na kitu, baba wa watoto saba, nimefungwa mikono kwenye chumba kilichofungwa mlango na dirisha, naimba habari ya mtu aliyefungiwa nje. Nilitaka kucheka. Halafu nikaona sauti imebadilika. Ilikuwa haina pa kutokea isipokuwa mdomoni, ikatoka yote.

Alinichagulia msumari mmoja ukutani wa kutazama. Akanihesabia pumzi: hapa unavuta, hapa huvuti hata ukifa. Kulikuwa na mstari mmoja mrefu kwenye ubeti wa pili ambao pumzi yangu ilikuwa inakatika nusu njia, kila siku palepale. Nilikuwa nasimama pale na mapafu matupu kama samaki, namtazama, naye ananitazama, hakuna wa kulia wa kuniazima pumzi. Hapo ndipo nilipojua miaka ile hamsini na kitu nilikuwa naazima. Ilinichukua mwezi kuumaliza ule mstari. Na nikwambie, siku nilipoumaliza sikujua nimeumaliza. Nilikuwa nimeshughulika na neno "bati", kulifunga vizuri lisipige kelele, nikashangaa niko upande wa pili. Nyonga inayouma tangu asubuhi ilikuwa haipo. Wala chumba hakikuwapo. Kulikuwa na neno, na neno linalofuata. Sijawahi kuwa mahali padogo namna ile, na sijawahi kupumua vile. Ukitoka hapo, dunia ndiyo inaonekana imebana.

Lakini kazi kubwa ilikuwa hodi. Kwenye ubeti wa tatu, mtu anaimba "hodi", nota moja ya juu, halafu kwenye karatasi pana mapigo manne hayana herufi. Mimi ni msomaji wa herufi. Palipo wazi nilijua ni pa kuvutia pumzi.

"Hapa nafanya nini?"

"Unasikiliza."

"Nasikiliza nini?"

"Kama wamo."

"Wamo?"

"Hawamo. Lakini wewe hujui. Ukijua mapema, na mimi nitajua, na wimbo umekwisha. Moja, mbili, tatu, nne, halafu unaingia chini kabisa, 'nasikiliza'. Wimbo wote nimeuandika kwa ajili ya mapigo hayo manne."

Nikawa nafanyia mazoezi nyumbani pia, nimeuelekea ukuta wangu. Hodi. Moja, mbili, tatu, nne. Hodi. Moja, mbili, tatu, nne. Nilikuwa nikianza, ndoo uani zinanyamaza. Nilijua mkwe amesimama mahali ananisikia, nami nikawa sijali, ua ule ulikuwa umejaa vitu tunavyosikia tukajifanya hatusikii. Wamama wa Zambia wanaouza vitenge nje ya geti ndio waliokuwa wakisema wazi. Siku nikitoka mmoja anapaza sauti kunisalimu kwa lugha ya kwao, babu hujambo, "Bashikulu, mulishani! Bado hujafunguliwa?" Wenzake wanaangua kicheko.

Siku moja chumbani kwa mwalimu, mvua yenyewe inanyesha, niliimba hodi, nikanyamaza, nikasikiliza. Sijui nini kilitokea. Nilisikia nyumba yangu ya Ruanda na zile kufuli mbili. Nilimsikia mke wangu hayumo. Mambo ambayo kwenye mazishi sikuyasikia, maana kwaya iliimba saa tatu mfululizo na mimi nikiwemo, nikiegemea. Mapigo manne yakapita, nadhani yakapita kumi. Mwalimu hakupiga. Alikuwa ameweka mikono juu ya kinanda na hakupiga. Machozi yalikuwa yananishuka na mikono imefungwa, siwezi kufuta.

Mwalimu akajifuta pua kwa mkono wa shati.

"Nenda nyumbani," akasema.

"Ilikuwa vizuri?"

"Nenda nyumbani, mzee."

Nilirudi nimeshika ukuta, mwepesi kama mtu aliyetapika. Nilipofika getini nikakuta limefungwa na mkwe hayupo, nikakaa chini nje, nikasubiri saa nzima kwenye moshi wa malori, na kwa mara ya kwanza sikuona kama nasubiri.

Mwalimu alizungumza na mchungaji, tukapewa nafasi Jumapili ya mavuno, baada ya sadaka. Kanisa lilijaa. Mahindi yamefungwa mafungu mbele ya madhabahu, ndizi, ndoo za kahawa, jogoo amefungwa miguu anajibu mahubiri. Kinanda cha mwalimu kilibebwa na vijana wanne kutoka chumbani. Yeye alivaa shati jeupe lililopigwa pasi na koti lililomzidi. Alipokaa, akaweka miguu juu ya pedali. Akaninong'oneza, "Usiwatazame. Tafuta msumari."

Mchungaji akasema, "Mzee wetu ataimba peke yake. Tutulie, tusikilize mpaka mwisho." Akarudia, "Mpaka mwisho." Alikuwa ameagizwa hivyo na mwalimu.

Wakatulia kweli. Watu wetu wakiambiwa watulie wanatulia. Ubeti wa kwanza nikaimba, nikasikia kanisa lote linavuta pumzi pamoja nami. Ubeti wa pili, ule mstari mrefu, nikavuka. Mama mmoja wa mbele akasema "Mm," polepole, kama anaonja uji. Hakuna aliyekohoa. Mikono yangu haikufungwa na ilitulia yenyewe. Kwa pembeni ya jicho nilimwona mwalimu, uso wake umefunguka kama wa mtoto, nikajua anaupata. Bado ubeti mmoja na nusu.

Nikaimba hodi.

Sasa nikueleze kosa letu, maana tulikuwa wazee wawili wenye akili timamu, miezi sita tumelifanyia kazi neno hilo, na hakuna hata mmoja aliyelifikiria. Msimamishe mzee mbele ya watu wa kwetu, abishe hodi, kisha asimame anangoja. Nani atanyamaza? Mtoto wa miaka mitatu hawezi kunyamaza. Hata mgonjwa kitandani anajibu. Kutojibu hodi ni kumwambia mtu afe.

Moja. Mbili.

"Karibu, baba."

Iliimbwa. Haikusemwa, iliimbwa, kwenye nota ileile ya hodi ikishuka vizuri, sauti ya kwanza, safi, kutoka upande wa wanawake. Nikauacha msumari nikatazama. Mwanamke kijana amesimama, kitambaa cha kijani kichwani, ananitazama machoni. Sikumjua. Halafu akakohoa kidogo, kwa aibu, nikamjua.

Baadaye aliniambia, amesimama mlangoni kwangu, kwa mara ya kwanza hakuondoka baada ya kuweka sahani. "Baba, miezi yote hiyo nasikia unabisha hodi ukutani. Siitikii kwa sababu ya heshima. Nalia jikoni. Pale kanisani nilishindwa, nisamehe." Nitamsamehe nini.

Lakini wakati ule ilikuwa pigo la tatu. Sauti ya pili ikadaka, "Karibu, baba", halafu nyuma kabisa besi za wazee, zile besi zetu, "Karibu, karibu", na kanisa zima likasimama. Mwalimu aliinua miguu kwenye pedali. Kinanda kikaishiwa upepo, kikatoa sauti moja nyembamba, ikafa. Hakuna aliyesikia. Wao hawakuhitaji kinanda.

Akanitazama. Hakukasirika. Alikuwa anangoja. Najua alichongoja, maana mimi ni mzee wa kwaya, ningeinua mkono mmoja tu wangenyamaza wote, wamelelewa hivyo. Ningenyamazisha, ningeingia chini kabisa, "nasikiliza", tungemaliza. Pigo la nne lilikuwa bado langu.

Niliinua mkono. Niliinua, nikauzungusha, nikawapa sauti ya tatu.

Hili sijamwambia mtu. Nilifurahi. Nimetoka miezi sita kwenye ule mlango na umefunguliwa, na aliyefungua ni yule niliyemkimbia ua mzima. Kifua changu kilikuwa kinapasuka kwa furaha, na nilipokuwa nafurahi nilikuwa naona vizuri kabisa ninachofanya.

Wakaimba "karibu" mara ya pili, ya tatu. Wakatoka vitini. Vigelegele. Mama wa kwanza akanifuta uso kwa kitenge chake, wa pili akanifunga kingine mabegani, kijana wa kwaya akaichukua fimbo yangu akaanza kucheza nayo juu. Nikawa siwezi kusogea, bila fimbo nimeshikiliwa na mikono ya watu pande zote, besi nyuma, wanawake mbele, na kila nikitaka kupita wanadhani nacheza, wananifungulia hatua moja na kuifunga.

Mwalimu akakifunga kinanda taratibu. Karatasi akaiacha juu yake. Akachukua kofia.

"Mwalimu!" nikaita, lakini nilikuwa naita ndani ya "karibu" ya watu mia tatu. "Mwalimu, turudie!"

"Rudia!" wakadaka walio karibu yangu. "Rudia, rudia!" Wakaanza upya.

Alipita nyuma ya mafungu ya mahindi, akamruka yule jogoo, akatoka kwa mlango wa pembeni. Nje kulikuwa na jua kali. Nikaliona koti lake likisimama kupisha bodaboda, kisha akaingia kwenye uwazi kati ya lori na lori, akavuka barabara, na hakurudi tena.